Hesabu za Jangwani: Watu Walivukaje Sahara kwa Pikipiki Kabla ya GPS?

Haya basi, leo tuweke kompyuta kando kidogo, ingawa hatutaenda mbali nazo sana.

Fikiria una pikipiki ya silinda moja, tangi la mafuta, mitungi miwili ya maji na mahali unapotaka kufika, kilomita 600 mbele yako. Katikati hakuna kituo cha petroli, hakuna duka, hakuna mnara wa simu na hakuna barabara. Kuna mchanga tu, na alama za magari ambazo upepo wa jana umezifuta nusu. Utaipangaje safari hiyo?

Mwanaprogramu yeyote anajua kwamba kabla ya kuandika msimbo lazima kwanza uliandike swali lenyewe vizuri. Jangwani maswali makuu ni matatu. Niko wapi? Mafuta yatanifikisha? Maji yatatosha? Historia ya karibu miaka 100 ya magari na pikipiki katika Sahara ni historia ya watu walioyatafutia majibu maswali haya, kila kizazi kwa zana zake. Kuna na swali la nne, lakini hilo nitaliweka karibu na mwisho kwa sababu ndilo linalosahauliwa na wengi.

NIKO WAPI?

Tuanze na Mwingereza mmoja aliyeitwa Ralph Bagnold. Alikuwa mwanajeshi na mhandisi. Katika miaka ya 1920, akiwa kazini Misri, alianza kutumia likizo zake kuendesha magari ya Ford jangwani pamoja na marafiki, kwanza Model T na baadaye Model A. Walikuwa wakienda mahali ambapo wengi waliamini gari haliwezi kupita: vilima vya mchanga vilivyo magharibi ya mto Nile, kuelekea mpaka wa Libya.

Tatizo lake la kwanza lilikuwa dira. Ukiifunga dira ya sumaku kwenye gari, chuma cha gari lenyewe kinaidanganya. Mwenye pikipiki ana shida hiyo hiyo, na juu yake mtetemo wa injini. Ili aisome vizuri lazima asimame, ashuke, atembee hatua kadhaa mbali na pikipiki, asome, kisha arudi. Fanya hivyo kila baada ya dakika 10 uone kama utafika.

Bagnold akaiacha sumaku akatumia jua. Chombo chake kilikuwa rahisi: kisahani kilichochorwa digrii 360, na katikati yake sindano iliyosimama wima. Jua linapiga sindano, kivuli kinaangukia digrii fulani. Kwa kuwa inajulikana jua litakuwa upande gani kwa kila saa, tarehe na latitudo, unaandaa jedwali mapema, halafu unazungusha kisahani kufuatana na saa. Kazi ya dereva inabaki moja tu: kivuli kikae juu ya mstari wake. Chuma hakina neno na kivuli. Kasoro yake ni kwamba adhuhuri, jua likiwa utosini, kivuli kinakuwa kifupi mno na chombo hakifai. Basi hapo watu walipumzika.

Usiku walipima nyota kwa theodolaiti, wakasikiliza alama za saa kwenye redio ili saa zao ziwe sawasawa, kisha wakapiga hesabu ya mahali walipo. Mchana walikadiria: tumeelekea huku, mita ya gari inasema tumekwenda kilomita hizi, kwa hiyo tuko hapa.

Ubaya wa kukadiria ni kwamba kosa linakua. Ukikosea mwelekeo kwa digrii 1 tu, kila kilomita 100 zinakutoa nje ya mstari kwa kilomita 1.7. Ukikosea digrii 3, ni zaidi ya kilomita 5. Ukienda kilomita 300 na kosa hilo hilo la digrii 3, utakuwa umekosa kwa karibu kilomita 16, na unachokitafuta ni kisima chenye upana wa meza ya kulia chakula. Haba na haba hujaza kibaba, na makosa pia yana kibaba chao. Ndiyo maana nyota za usiku zilikuwa muhimu: zilifuta kosa la mchana na kuanzisha hesabu upya kila asubuhi.

Bagnold alitatua na mengine. Injini za wakati ule zilichemka na maji ya rejeta yakapotea hewani kama mvuke. Yeye akauziba mfumo, akaupeleka mvuke kwa mpira hadi kwenye mkebe wenye maji uliofungwa ubavuni mwa gari. Mvuke ukapoa ukawa maji tena, na injini ilipopoa ikayavuta yale maji kurudi kwenye rejeta. Jangwani tone la maji lisilopotea ni tone ambalo hukulazimika kulibeba. Alipunguza pia upepo wa matairi ili yalale juu ya mchanga badala ya kuukata, jambo ambalo kila mwendesha pikipiki wa jangwani hulifanya hadi leo.

Hapa kuna kisa kinachotuhusu. Mwaka 1939 vita vilipoanza, Bagnold alikuwa ameshastaafu, akaitwa tena jeshini na kupangiwa kazi Kenya. Meli iliyombeba ikagongana na nyingine katika bahari ya Mediterania, ikaingia Port Said kutengenezwa. Akaenda Cairo kuwasalimia marafiki, wakubwa wa jeshi wakasikia yuko mjini, na hakuja Kenya tena. Katikati ya mwaka 1940 akaunda kikosi cha Long Range Desert Group, kilichosafiri mamia ya kilomita nyuma ya mistari ya adui kwa kutumia mbinu alizojifunza wakati wa likizo. Mwaka 1941 akatoa kitabu cha fizikia ya mchanga unaopeperushwa na upepo. Kitabu hicho bado kinatumika, tena si duniani tu: mwishoni mwa mwaka 2015 roboti ya NASA iitwayo Curiosity ilifika kwenye vilima vya mchanga huko Mirihi, na vilima hivyo vimepewa jina la Bagnold.

WANAWAKE WAWILI NA PANTHER

Bagnold alikuwa na magari kadhaa na wenzake. Wa kwanza kutuonyesha hesabu hii kwa pikipiki, na kwa namna ya kishujaa, ni wanawake wawili wa Uingereza: Theresa Wallach na Florence Blenkiron. Tarehe 11 Desemba 1934 waliondoka London kwenda Cape Town. Pikipiki yao ilikuwa Panther ya cc 600, silinda moja, ikiwa na kigari cha pembeni na nyuma yake trela. Ndiyo, trela, mchangani.

Usiicheke trela hiyo. Waliitumia kwa sababu ile ile inayomfanya mtu wa leo afunge mitungi pande zote mbili za pikipiki: mafuta, maji, spea, hema na chakula lazima vikae mahali fulani. Walilipa bei yake, kwani mzigo ule wote ulivutwa na silinda moja. Walikuwa wakikwama, wanachimba, wanasukuma, wanakwama tena. Kabla ya kufika Agadez, katika Niger ya leo, injini iliharibika kabisa, ikabidi ifumuliwe na kuundwa upya.

Jambo ambalo limewashangaza wengi ni kwamba walivuka Sahara bila dira. Walifuata alama za njia na kuuliza watu wa vituo walivyopitia. Lakini angalia walichokuwa nacho badala ya dira: Wallach alikuwa amesomea uhandisi, na wote wawili walizijua pikipiki ndani nje. Walifika Cape Town tarehe 29 Julai 1935. Wallach baadaye akawa tarishi wa pikipiki katika jeshi la Uingereza wakati wa vita, kisha akahamia Marekani, akauza pikipiki na kufundisha watu kuendesha. Kitabu chake cha safari hiyo kilichapishwa mwaka 2001, yeye akiwa ameshafariki.

MAFUTA YATANIFIKISHA?

Sasa tuchukue kalamu. Kutoka Agadez hadi Bilma, kupitia jangwa la Ténéré, ni takriban kilomita 600. Hiyo ni njia ya kale ya misafara ya ngamia ya Watuareg waliokwenda kuchukua chumvi.

Tuseme kwenye lami pikipiki yako inakwenda kilomita 20 kwa lita. Kwenye mchanga laini, gia ya pili, injini inalia, kadiria 13. Kilomita 600 zitakula lita 46, na petroli ni karibu kilo 0.75 kwa lita, kwa hiyo ni kilo 35. Maji: siku 4, lita 8 kwa siku, ni lita 32, yaani kilo 32. Umefika kilo 67 na bado hujaweka spana hata moja.

Uzito huo unaizamisha pikipiki. Ikizama inakula mafuta zaidi. Ikila zaidi, unahitaji kubeba zaidi. Ukibeba zaidi, inazama zaidi. Tatizo linajiita lenyewe, na tangi halina mwisho mzuri.

Mtu atasema: basi niweke akiba ya mafuta njiani mapema. Wazo zuri, lakini kuiweka akiba nako kunakula mafuta. Wanahisabati wana jina la swali hili, tatizo la jipu, na N. J. Fine alichapisha jibu lake mwaka 1947. Swali lenyewe ni kongwe zaidi. Katika mkusanyiko wa mafumbo unaohusishwa na Alcuin, msomi aliyefariki mwaka 804, kuna ngamia anayesafirisha nafaka huku akila kipimo kimoja kwa kila ligi anayotembea.

Jibu liko hivi. Tuseme tangi lako likijaa linakupeleka kilomita 300, na una matangi mawili ya mafuta pale unapoanzia. Nenda kilomita 100, acha theluthi moja ya tangi hapo, rudi kwa theluthi iliyobaki. Jaza tena, nenda hadi pale kwenye akiba; umebaki na theluthi mbili, ongeza ile uliyoacha, tangi limejaa. Sasa una kilomita 300 nyingine. Jumla umefika kilomita 400. Matangi mawili yamekupa kilomita 400 tu, wala si 600, kwa sababu zile 100 za kwanza umezipita mara tatu.

Ukiongeza matangi, kila moja linakupa kidogo kuliko lililotangulia. La pili linaongeza theluthi moja ya kilomita 300, la tatu moja ya tano, la nne moja ya saba, na kuendelea hivyo:

Matangi 1: kilomita 300
Matangi 2: kilomita 400
Matangi 3: kilomita 460
Matangi 4: kilomita 503
Matangi 5: kilomita 536
Matangi 6: kilomita 563
Matangi 7: kilomita 587
Matangi 8: kilomita 607

Umeona? Ili kuvuka kilomita 600 kwa pikipiki ya kilomita 300, peke yako, unahitaji matangi 8. Hesabu haina mwisho, yaani kinadharia unaweza kwenda umbali wowote, lakini gharama inapaa kama kishada. Andika programu ya mistari mitano ujaribu kilomita 900 uone maajabu.

Ndiyo maana majibu ya kweli ya jangwani yalikuwa mengine: ongeza ukubwa wa tangi, au tafuta mtu mwenye gari kubwa akubebee. Wafaransa walipofungua njia ya Tanezrouft huko Algeria, walipanga mapipa yenye namba kuonyesha njia, na pipa la tano likawa kituo cha mafuta katikati ya utupu. Jina lake, Bidon 5, likaingia kwenye ramani kama vile ni mji.

MTI ULIOKUWA KWENYE RAMANI

Kuhusu ramani, hakuna kisa kinachozidi cha mti wa Ténéré. Ulikuwa mgunga mmoja, peke yake, na mti mwingine wa karibu ulikuwa zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo. Mizizi yake ilishuka zaidi ya mita 30 kutafuta maji. Ulionyeshwa hata kwenye ramani za bara zima, kwa sababu kwa misafara ya chumvi ulikuwa alama ya njia: ukiuona, kisima kiko hapo na hujapotea.

Mwaka 1973 lori liliugonga likauangusha. Katika jangwa lote lile tambarare, lori likaona mti mmoja na kuugonga. Mabaki yake yalipelekwa makumbusho ya taifa huko Niamey, na mahali pake pakasimamishwa mti wa chuma. Sisi tunaoshughulika na data tunajua maana yake: rekodi moja imefutwa, na kila aliyeitegemea yuko matatani.

SIKU TATU ZILIZOZAA MASHINDANO

Miaka minne baadaye, Januari 1977, Mfaransa Thierry Sabine alikuwa katika mashindano ya Abidjan hadi Nice, akiendesha Yamaha XT500. Hii ni pikipiki ya silinda moja iliyopozwa kwa hewa. Haina rejeta, kwa hiyo haigombanii maji na mwendeshaji wake. Lakini tangi lake la kiwandani lilikuwa dogo, lita zisizofika 10.

Sabine akapotea upande wa mpaka wa Niger na Libya. Alikaa jangwani siku tatu na usiku wake, hana maji, hadi ndege ilipomwona. Mtu mwingine angerudi nyumbani na kuuza pikipiki. Yeye akarudi na wazo la kuwapeleka wengine kule. Tarehe 26 Desemba 1978 mashindano ya kwanza ya Paris hadi Dakar yakaanza, takriban kilomita 10,000, vyombo 182. Vilivyofika mwisho vilikuwa 74. Mshindi wa jumla alikuwa Cyril Neveu juu ya XT500, na magari yakabaki nyuma yake. Mwendesha pikipiki mmoja alipoteza maisha katika mashindano hayo hayo ya kwanza.

Waendeshaji walipewa kitabu cha njia: karatasi zenye michoro midogo, umbali na mwelekeo, moja baada ya nyingine. Kwenye kilomita 43 acha kilima kushoto, kwenye kilomita 51 vuka bonde. Karatasi hizo zilizungushwa kwenye kisanduku mbele ya usukani. Kwa maneno yetu, ni programu inayotekelezwa mstari kwa mstari, na mita ya umbali ndiyo inayosema uko mstari upi. Ukiruka mstari mmoja, yote yanayofuata ni ya uongo.

Januari 1982, Mark Thatcher, mtoto wa waziri mkuu wa Uingereza, alipotea na wenzake wawili karibu na mpaka wa Algeria na Mali. Walikuwa na Peugeot 504 iliyoharibika. Walibaki karibu na gari lao, na baada ya siku sita ndege ya kijeshi ya Algeria ikawaona. Kubaki na chombo chako ni kanuni ya kale ya jangwani: gari linaonekana kutoka angani, mtu haonekani.

Sabine mwenyewe alikufa tarehe 14 Januari 1986, helikopta yake ilipoanguka Mali.

SETILAITI ZINAINGIA

Mwaka 1992, mashindano yalipokwenda Paris hadi Cape Town, GPS ilitumika humo kwa mara ya kwanza. Kisahani cha Bagnold kikawa kitu cha makumbusho. Swali la "niko wapi" lililohitaji theodolaiti, redio na usiku usio na mawingu sasa lilijibiwa na kisanduku cha mkononi.

Lakini majibu hayo yalikuwa yamechafuliwa kwa makusudi. Jeshi la Marekani lilitia kosa kwenye mawimbi ya raia, hivyo ungeweza kukosa kwa mita 100 hivi. Mei 2000 kosa hilo lilizimwa, na ghafla kifaa kile kile kikawa sahihi mara kadhaa zaidi bila mwenyewe kubadilisha kitu. Mita 100 kwenye mchanga tambarare si kitu. Kwenye kilima chenye ukungu wa vumbi, mita 100 ni tofauti kati ya kushuka upande laini na kuruka upande wa maporomoko.

Februari 2000 chombo cha anga cha Endeavour kilikuwa kimeshapima urefu wa sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia kwa rada. OpenStreetMap ikaanza mwaka 2004, Google Earth ikaja mwaka 2005, na mwaka 2014 data za rada za mita 30 kwa Afrika zikatolewa bure kwa wote. Waendeshaji wa miaka ya 1990 walikuwa wakitafuta ramani za kijeshi za Kisovieti za uwiano wa 1:200,000 kama watu wanaotafuta dhahabu. Leo unaweza kuangalia kila kilima kabla hujaondoka nyumbani.

Basi tatizo limekwisha? Hapana. Tumefika kwenye swali la nne.

NANI ANAJUA NIKO HUKU?

Rudi nyuma uangalie. Sabine alionekana siku ya tatu kwa sababu waandaaji walijua kuna mtu hajafika. Mtoto wa Thatcher alitafutwa na ndege kwa sababu dunia nzima ilijua hajafika. Hakuna kati yao aliyeokolewa kwa kujua yuko wapi. Waliokolewa kwa sababu kuna mtu aliyewasubiri na kuhesabu.

Kuanzia Februari 2003, vikundi vidogo vya wasafiri wa Ulaya, wengine kwa pikipiki, vilianza kutoweka kusini mwa Algeria, kimoja baada ya kingine. Hawakuwa wamepotea njia. Watu 32 walikuwa wametekwa na wapiganaji wenye silaha. Nusu waliachiliwa Mei, waliobaki Agosti, na mwanamke mmoja alifariki kwa joto akiwa mateka. GPS ilijua mahali, haikujua nani mwingine yuko mahali hapo. Mashindano ya Dakar nayo yalifutwa mwaka 2008 kwa sababu za usalama, yakahamia Amerika Kusini mwaka 2009, na tangu 2020 yamekuwa Saudi Arabia.

Kisha Oktoba 2013. Wahamiaji waliotoka Niger wakielekea Algeria walikuwa kwenye malori mawili. Moja likaharibika. La pili likashusha abiria wake, likarudi kutafuta spea, nalo likaharibika njiani. Watu wakaanza kutembea kutafuta kisima. Miili 92 ilikusanywa mchangani, 52 kati yake ya watoto.

Nimelisoma tukio hili mara nyingi na kila mara naona orodha ile ile ya Bagnold: maji, spea, akiba, umbali hadi kisima. Hawakushindwa hesabu. Hawakupewa nafasi ya kuipiga. Aliyeuza viti ndiye aliyeamua ni mitungi mingapi ya maji ibebwe, na hakukuwa na mtu ofisini mwenye karatasi ya majina akisema hawa walipaswa kufika jana.

Septemba 1982, miezi minane tu baada ya kisa cha Thatcher, mfumo wa Cospas-Sarsat, uliojengwa na Kanada, Ufaransa, Marekani na Muungano wa Kisovieti, uliokoa watu wake wa kwanza. Kifaa kinapiga kelele, setilaiti inasikia, mtu anapelekewa habari. Hata wakati wa vita baridi, maadui walikubaliana kusikiliza pamoja. Vifaa vidogo vya ujumbe wa setilaiti vya leo ni wajukuu wa wazo hilo.

HAPA NYUMBANI

Huhitaji kwenda Niger ili kuyapima haya. Lami ya Isiolo hadi Moyale ilikamilika katika miaka ya 2010, lakini ukiiacha hapo Marsabit ukaelekea Maikona, Kalacha na North Horr, unaingia Chalbi. Chalbi ni kitanda cha ziwa lililokauka zamani. Wakati wa kiangazi ni pagumu na tambarare, unaweza kuendesha kwa raha. Mvua ikinyesha panageuka tope linalomeza lori. Kwenye skrini ya simu ni mstari ule ule mmoja, kiangazi na masika, kwa sababu ramani haijui mvua ya jana. Mgabra anayenywesha ngamia wake Kalacha anaijua. Kuuliza si ujinga.

Kwa hiyo ukipanga safari yako, iandike karatasini hivi:

1. Mafuta: chukua umbali, ongeza theluthi moja kwa ajili ya kupotea na mchanga, kisha gawa kwa kilomita 13, usigawe kwa 20.
2. Maji: hesabu siku za safari, kisha ongeza siku za kusubiri msaada. Yagawe kwenye vyombo viwili au vitatu. Mtungi mmoja ukipasuka usipasuke nao.
3. Mahali: GPS mbili zenye betri tofauti, ramani ya karatasi na dira. Usiache mbachao kwa msala upitao.
4. Spea: tyubu, spoku, waya wa klachi, na mikono inayojua kuzifunga.
5. Mtu: mwachie mtu mmoja njia yako, tarehe ya kufika, na saa ambayo asipokusikia ataanza kupiga simu. Mwambie ampigie nani.

Manne ya kwanza utayanunua dukani au utajifunza kwa fundi. La tano halina bei, na ndilo wale 92 hawakuwa nalo.

Safari njema, na ukifika, piga simu.